Maji ya Kuku wa Molo

Okemwa alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache ndiyo yaliyomponza. Angekuwa mropokaji kama wanaume wengine wa upande wetu wa Nyamira, neno lake moja kuhusu maji ya kuku lingezama katikati ya porojo nyingine na kusahaulika. Lakini yeye alilisema mara moja, tena bila kucheka, na watu wakaling'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Alisema hivi: kule Molo, alikofuga kuku wa Mzungu miaka ya kabla ya vita, alikuwa akiamka asubuhi na kukuta maji ya kuku yamekuwa jiwe.

Siku hiyo walikuwa wakiezeka nyumba ya jirani yake, Makori. Mwanaume aliyekuwa juu ya paa alicheka hadi akaangusha mzigo wa nyasi. Wakamuuliza kama mvua ya mawe ilikuwa imenyesha usiku. Okemwa, badala ya kuitikia na kujiokoa, akasema hapana, mbingu zilikuwa safi, nyota tele, na kilikuwa kiangazi. Hapo ndipo alipojimaliza. Mvua ya mawe sisi twaijua. Huja na wingu jeusi, ikachana migomba na kulaza wimbi shambani, na watoto huokota vile vipande na kuvitia kinywani. Jiwe la maji huanguka kutoka juu, tena kwa kishindo. Jiwe la maji linalojitengeneza lenyewe ndani ya chombo cha kuku, kimyakimya, chini ya nyota za kiangazi, hilo hakuna aliyewahi kulisikia. Paa halijaisha, Okemwa alikuwa amepewa jina jipya: Maji-Mawe.

Lililoudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kweli tupu. Molo iko juu kuliko kwetu, na usiku wa Januari usio na wingu, baridi hushuka pale hadi nyasi zinaamka na mvi. Mzungu aliyemwajiri, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, alikuwa na kuku weupe walioletwa kwa meli, na aliwapenda kuliko alivyompenda mtu. Kazi ya kwanza ya Okemwa kila alfajiri ilikuwa kuvunja barafu kwa mpini wa panga, kwa sababu kuku asiyekunywa hali, asiyekula hatagi, na kuku wasipotaga Bwana Miwani hakukaliki karibu naye.

Polepole Okemwa akajifunza kuyazuia yasigande. Alitia debe la maji ndani ya kasha kubwa na kushindilia majani makavu pande zote, akaacha tundu dogo la kuku kupenyeza kichwa. Chini ya kasha alitandaza samadi mbichi ya farasi, ambayo hutoa joto lake yenyewe usiku kucha. Baridi ikizidi, alipasha jiwe motoni, akalifukia kwenye udongo mtupu uliokwanguliwa kila unyasi, ndipo akaweka maji juu yake. Mtu mmoja alimshauri atie chumvi, eti maji ya chumvi hayagandi upesi. Ni kweli hayagandi upesi, ila kuku hufa upesi. Okemwa alikataa chumvi, na alikataa taa kwa nguvu zaidi, maana moto ndani ya majani hauulizi kuku ni wa nani.

Mwenzake katika kazi ile, Ogada, kijana wa kutoka kando ya ziwa, hakukataa. Ogada alikuwa mcheshi na mzito wa kuamka; samadi ilimnukia vibaya na mawe yalimchosha. Zamu yake ilipofika, alichukua kandili iliyowaka akaiweka chini ya debe, juu ya majani wanayolalia kuku, akaenda zake kulala. Kuku mmoja aliruka akaiangusha. Kulipokucha banda lilikuwa majivu, kuku weupe wa melini walikuwa majivu pia, na Ogada alikuwa ametoroka, hata kipande, kile cheti chake cha kazi, amekiacha. Makofi ya Bwana Miwani yalimwangukia Okemwa, aliyekuwa na kosa la kuwapo.

Akarudi nyumbani na tabia aliyoizoea. Kwetu maji hayagandi, hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Lakini mwezi wa saba, ukungu unaposhuka na kukaa siku nzima, kuku hujikunyata na kuacha kunywa, na vifaranga hufa mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo jioni Okemwa alimwaga maji yaliyobaki, na alfajiri akawapa mapya, vuguvugu, katika bakuli la jiwe laini lililochongwa kule Tabaka, kwa kuwa jiwe lile hushika joto. Vifaranga wake hawakufa. Unadhani kuna aliyekuja kuuliza siri yake? Walisema kuku wa Maji-Mawe wanakunywa chai, bado sukari tu.

Mtu mmoja alimwamini, naye alikuwa mkewe, Bitutu. Okemwa alimsimulia habari za Molo ndoa yao ikiwa bado mbichi, akitarajia kicheko kama cha wengine. Bitutu alifikiri kidogo, akasema kwamba mtu anayedanganya huupamba uongo wake, na maneno yale hayakuwa na pambo lolote. Tangu hapo, kila alfajiri, kabla ya kuinjika uji, aliinjika chungu kidogo cha maji ya kuku. Hata Sabato, siku ambayo hakupika kwa ajili ya imani yake, alikifukia chungu hicho kwenye majivu ya moto tangu Ijumaa jioni. Na pale soko la Daraja Mbili, mwanamke mmoja alipomwita mke wa Maji-Mawe, Bitutu alitua kikapu cha ndizi chini na kumkabili. Alirudi nyumbani kitambaa cha kichwa kimechanika, akakataa kueleza kwa nini hadi mtoto wao Abigael aliposema.

Hata wasomi hawakumsaidia. Mwalimu wa shule moja ya misheni alipoulizwa, alitoa hukumu kwa upole wa watu waliosoma. Maji kuganda, alisema, ni jambo la kweli na limeandikwa, ila ni la Ulaya. Molo iko karibu na mstari wa ikweta, na ikweta ndiko kwenye joto la dunia. Hivyo haiwezekani. Okemwa akamuuliza kama amewahi kufika Molo. Mwalimu akajibu kwamba hana haja ya kufika.

Haya yote Okemwa angeyabeba hadi kaburini na kununa peke yake, kama si shamba la Nyangate.

Nyangate alikuwa mjane wa yule Makori waliyemwezekea nyumba. Shamba lake lilipakana na la Josiah, mtu wa ukoo huohuo, mwenye ulimi laini na jembe lisilotosheka. Mpaka wao ulikuwa miti miwili ya mtembe, ile yenye maua mekundu, mmoja juu mlimani na mmoja chini kwenye kijito. Mtembe kwetu hauchezewi. Mtu huapa ameugusa, na akiapa uongo nyumba yake hukauka. Watu wa kanisani waliambiwa waachane na mambo hayo, wakaitikia amina, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa akiwa na uongo kinywani. Makori alipofariki, Josiah aliung'oa ule mtembe wa chini, akachoma kisiki, akapanda kahawa mahali pake, kisha akatangaza kwamba mpaka tangu zamani ulipita kwenye mwamba. Kati ya kijito na mwamba ndipo palipokuwa na udongo wa maana. Bila kipande kile, mjane na wanawe wangebaki na mteremko wa kokoto.

Miti ile ilipandwa na Makori na baba yake Josiah, na wote wawili walikuwa udongoni. Aliyewashikia kamba ya kupimia mpaka siku ile alikuwa Okemwa. Kwa hiyo shahidi wa Nyangate alikuwa mmoja tu duniani, na Josiah, ambaye hakuwa mjinga, wala hakujisumbua kubishana kuhusu kamba. Alizunguka hadi Keumbu akiwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayehurumia, kwamba shahidi wa yule mama ni Maji-Mawe. Wakacheka, na kesi ikaanza kushindwa kabla ya wazee kukaa.

Okemwa alipolisikia hilo, usingizi ulimpaa. Akamkumbuka Ogada. Alikuwa amesikia kwamba yupo Kisii mjini, anashona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi. Akatembea hadi huko, akamtambua kwa kicheko chake kabla ya kumwona uso. Amenenepa, ana tepu shingoni. Okemwa alimweleza kila kitu: mjane, mtembe, kahawa, wazee. Alimwomba jambo moja, aje aseme kwamba maji ya kuku wa Molo yaliganda.

Ogada hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alisema yeye hajawahi kufika Molo.

Okemwa alihisi damu ikimpanda hadi kwenye nywele. Akamkumbusha kandili. Ogada akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akatazama barazani kama kuna anayesikia, kisha akasema taratibu:

"Ndugu yangu, maji iliganda. Vidole vyangu inajua mpaka leo. Lakini nikisimama mbele ya wazee niseme nilikuwa huko, wataniuliza niliondoka namna gani. Mimi niko na watoto, Okemwa."

Okemwa alisihi, kisha akafoka, kisha akasihi tena. Ogada aliona kola ya koti la Okemwa imeachana, akalivua mabegani mwake kwa upole, akaishona vizuri kabisa, akakataa shukrani. Huyo ndiye mtu pekee aliyeujua ukweli kama yeye, na alichompa ni kola. Okemwa alirudi hadi Nyamira akiongea peke yake, na waliokutana naye njiani walizidi kuamini kwamba kichwa chake si kizima.

Asubuhi ya kesi, Bitutu alimpigia koti vumbi kwa mkono. Alionekana mwenye furaha kuliko yeye. Alimwambia kwamba leo watu wote watakuwapo, wazee na wambeya pamoja, kwa hiyo awaambie habari za Molo waziwazi, mkono ukiwa kwenye mtembe, ili wakome milele. Okemwa alikuwa akilitaka hilo kuliko alivyotaka chakula.

Wazee walikaa chini ya ule mtembe wa juu uliobaki. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Angwenyi, mtu mpole, mwenye haki kadiri anavyoiona. Nyangate alikaa kwenye nyasi na jembe lake mapajani, kana kwamba angeambiwa alime papo hapo. Josiah alisema maneno machache na ya heshima. Alisema yeye hana ugomvi na Okemwa. Aliomba tu kwamba, kabla shahidi hajaugusa mti, aulizwe lile swali la maji ya kuku, ili wazee wapime wenyewe uzito wa ulimi wake. Watu walishaanza kucheka kabla hajamaliza. Mmoja akauliza kutoka nyuma kama kuku walikuwa wakinywa au wakitafuna.

Angwenyi akawanyamazisha kwa mkono. Akamtazama Okemwa kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko vicheko.

"Okemwa, mwanangu," alisema, "sisi sote tunakujua. Hujawahi kuchukua hata ndizi ya mtu. Lakini siwezi kukuacha uushike mti huu na lile neno la maji kinywani, nikaiangamiza nyumba yako. Sema ulikuwa mzaha wa ujana, tulizike. Kisha utuambie kamba ilipita wapi, na sisi tutakuamini."

Okemwa alisimama pale, masikio yakimvuma kwa hasira. Aliwaza jinsi watu hawa walivyokuwa wepisi wa kuamini. Waliamini kwamba bundi huleta msiba, kwamba Josiah anasikitika, kwamba mwalimu asiyetoka shuleni anaijua Molo. Waliamini kila kitu isipokuwa kile alichokishika kwa mikono yake na kukivunja kwa mpini wa panga. Na sasa, ili waamini ukweli wake mmoja, walimtaka kwanza auue mwingine. Alimtazama Bitutu, aliyesimama katikati ya wanawake, kidevu juu, akingoja. Alimtazama Nyangate, na mikono yake juu ya mpini wa jembe.

"Ulikuwa mzaha," alisema. "Maji hayakuganda."

Watu wakashusha pumzi. Hawakucheka tena; walifurahi, jinsi watu wanavyofurahi mwenzao aliyepotea akirudi kundini. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema alijua siku moja Okemwa atakua. Josiah alifungua kinywa, akakifunga, kwa kuwa alikuwa ameishiwa na silaha. Okemwa akaweka kiganja kwenye gome la mtembe na kusema kamba ilipita wapi: kutoka hapa, kushoto kwa mwamba, hadi kijitoni, Makori ameshika ncha ya chini, na baba yake Josiah akicheka kwa sababu miguu ya Makori ilikuwa imezama matopeni. Alisema yote vizuri, bila kukwama. Wazee walinong'ona kidogo tu, na Angwenyi akaamua kwamba Josiah ang'oe kahawa yake na mtembe upandwe tena pale ulipokuwa.

Nyangate alikuja akamshika mikono yote miwili. "Omogaka," alimwita, kwa jina tunalompa mwenye mji anayeheshimiwa, "Mungu akubariki. Na umefanya vizuri kukiri. Sote tuna mambo ya ujana."

Hata yeye. Kila aliyempita alimwamkia kwa jina lake halisi, Okemwa, Okemwa, kwa adabu, na lile jina la Maji-Mawe halikusikika tena tangu siku ile. Lingemuuma kidogo kuliko adabu ile.

Bitutu alikuwa ametangulia. Okemwa alimkuta karibu na migomba yao, akitembea polepole bila kikapu wala mzigo, jambo lisilo la kawaida kwake. Okemwa alimweleza kwa haraka kwamba haukuwa mzaha hata kidogo, kwamba alisema vile kwa ajili ya Nyangate, na alisema kabla hajaugusa mti. Maji yaliganda. Aliyavunja kwa panga kila alfajiri, na yeye anajua.

Bitutu alisimama, akamtazama usoni.

"Miaka hii yote nilikuamini kwa sababu hukuyapamba, Baba Abigael," alisema. "Leo mbele ya wazee pia hukuyapamba."

"Mama Abigael, yaliganda."

"Sawa."

"Unaniamini?"

"Nimesema sawa," alijibu, kwa sauti ileile aliyomjibia Abigael zamani, mtoto aliposema kuna fisi mlangoni. Kisha akaingia ndani kumenya ndizi.

Alfajiri Okemwa aliamka kama kawaida, akalisuuza bakuli la jiwe la Tabaka, akaenda nalo jikoni. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Juu ya mafiga kulikuwa na chungu kimoja tu, cha uji, na Bitutu alikuwa akiukoroga, amempa mgongo. Okemwa alisubiri kidogo, kwamba labda kile chungu kidogo kiko pembeni, kwenye majivu. Hakikuwapo. Akachota maji ya mtungini, yakiwa na baridi ya usiku mzima, akatoka nayo kwenye ukungu. Kuku walikunywa kidogo, wakaacha.